Mikao ya Milango Miwili

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimekabidhiwa mchoro mkuu. Mzee, mwenye kiwanda, alipita nyuma ya kiti changu akasema kwamba kuanzia sasa kuiunganisha milango ya mfereji ni kazi yangu, kisha akaenda zake kupokea simu. Nilibaki nikiitazama skrini kama mtu aliyeachiwa mtoto wa mwenzake kituoni.

Niiandike kazi yenyewe, huenda ikatulia kichwani. Mfereji unaopita juu ya mtaa wetu unawekewa milango miwili ya chuma, ubavu kwa ubavu, nguzo ya zege katikati. Maji yakizidi, milango itafunguliwa yashuke kwenye mkondo wa pembeni mpaka mtoni, badala ya kumwagika kwetu. Kila mlango umebebwa na mikono inayozunguka kwenye pini, kama pembea: mbele mlango, nyuma mkia wenye uzito wa kuusawazisha. Winchi ikivuta mnyororo, mkia unashuka na mlango unapanda.

Kwenye kompyuta tumegawana mafungu. Fremu na winchi nimechora mimi. Mikono amechora mwenzangu tunayemwita Kufuli, na fungu lake hilo moja linawekwa mara mbili kwenye mchoro mkuu, mara moja kwa kila mlango. Mzee anataka mikao ya milango iongozwe kutoka huku juu, kila mlango peke yake: umefungwa, nusu, wazi. Shida ni kwamba fungu likiingia kwenye mchoro mkuu programu hulichukulia kama jiwe, halikunji goti. Ili litii amri ya juu lazima lilegezwe, na ndani yake pasiwe na kitu kilichoishika pembe, yaani kinachoizuia mikono isizunguke. Nimelifungua faili la Kufuli. Pembe ameishika kisawasawa.

Nyumbani mama mdogo ameanza kuinua vitu. Kabati limeshapanda juu ya matofali na wala hakuna wingu. Mwaka jana maji yalifika kwenye godoro.

Jumatano, 6 Machi

Nimekitoa kile kifungo cha pembe kwenye faili la Kufuli. Nikiandika namba moja tu kwenye mchoro mkuu, mlango unapanda. Nikiandika nyingine, unashuka. Niliupandisha na kuushusha mpaka nikajionea aibu.

Alhamisi, 7 Machi

Kufuli amekirudisha.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekitoa tena.

Jumatatu, 11 Machi

Kimerudi. Mawingu ya kwanza. Joto la kutoa roho.

Jumanne, 12 Machi

Nilimfuata mezani kwake. Ni mtu mrefu, mpole wa sura, anayekunywa chai yake bila sukari na kukunja karatasi ya mkate kama anaiweka kwenye bahasha. Nilimweleza kwa adabu kwamba bila kulegeza mikono yake sitaweza kuupanga mlango wa kulia katika mkao mmoja na wa kushoto katika mwingine. Aliniambia mikono yake ni mizima na haihitaji kuguswa. Nikamwambia siigusi, naisogeza tu. Akaweka kikombe chini.

"Dada, wewe ukishika kutoka huko juu, huoni unachokivunja huku chini."

Niliondoka nimeghadhabika. Jioni nzima nimekuwa nikimjibu peke yangu, nikiosha vyombo, majibu mazuri kweli kweli, yote yamechelewa. Mama mdogo aliuliza nasema na nani.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Dakika chache tu, ikakatika kabla sijafika kwenye lango la kiwanda.

Jumatatu, 18 Machi

Mabamba ya chuma yameletwa. Karakana inaanza kukata wiki hii. Nilimuuliza Mzee itakuwaje kama hatujaiona milango ikicheza. Akasema mikono imeshapita mikononi mwa Kufuli na Kufuli hakosei, na kwamba mikao ni kwa ajili ya kuwaonyesha wateja. "Chora picha tu, binti, wapate kuelewa." Picha. Nimekuwa mpiga picha.

Sijatulia. Nakaa, nasimama, naenda dirishani. Fundi wa kukata chuma amenicheka kwamba natembea kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Jumatano, 20 Machi

Nimefanya jambo. Nimenakili fungu la mikono la Kufuli, nikalipa jina jingine, nikalificha kwenye folda yangu. Kwenye nakala hiyo nimekitoa kifungo cha pembe na nimeilegeza yote. Sasa kila mlango una namba yake na mchoro mkuu unatii.

Ninajua si ustaarabu. Lakini faili lake sijaligusa.

Alhamisi, 21 Machi

Naandika haraka kabla sijasahau lolote.

Nilikuwa nacheza na mikao, milango yote miwili pamoja, nusu, wazi, nusu. Hakuna kinachogusana. Kisha nikaufungua wa kulia peke yake, wa kushoto nikauacha umefungwa. Skrini ikawaka nyekundu karibu na nguzo ya kati.

Ni hivi. Kwenye mkia wa kila mlango kuna sikio la chuma ambalo mnyororo unashikia, na sikio hilo linachomoza upande wa kushoto. Uzito nao ni mpana, unachomoza pande zote. Milango ikienda pamoja, sikio la kulia hukaa juu ya uzito wa kushoto, wala havikutani. Lakini wa kulia ukitangulia, mkia wake unashuka, na sikio linakuja kukaa pale pale penye uzito wa jirani. Chuma juu ya chuma. Mlango utakwama nusu, na maji yakisukuma, kitakachovunjika ni pini.

Hakuna aliyeliona hili kwa sababu hakuna aliyewahi kuichora milango katika mikao miwili tofauti. Fungu likiwa limeshikwa pembe, likiwekwa mara mbili huonekana sawa mara mbili.

Kesho nawaonyesha. Nimenyoosha blauzi.

Ijumaa, 22 Machi

Ningependa siku hii nisiiandike.

Mzee alikuja, Kufuli alikuja, na fundi mkuu wa karakana akasimama mlangoni na glavu zake. Niliufungua mlango wa kulia. Nyekundu ikawaka. Nilieleza, na sauti yangu ilikuwa imara, nilijisikia mtu mzima. Mzee akasogea karibu na skrini. Kufuli hakusogea. Aliuliza, taratibu kabisa, mikono hiyo ni ya nani.

Nikasema ni yake.

"Si yangu," akasema. "Yangu nilibadilisha sikio juzi asubuhi. Nimelifupisha na kulirudisha nyuma. Hii ni ya zamani."

Akafungua faili lake kwenye kompyuta ya pili, na kweli. Nakala yangu nilikuwa nimeivuta kutoka folda ya wiki iliyopita bila kutazama tarehe. Mzee aliuliza kwa nini nimechora na faili ambalo si la kazi. Nikajikokota kusema kwamba hata sikio jipya linaweza kugonga, tuijaribu sasa hivi kwenye faili halisi, lakini Mzee alishachoka nami. Alisema karakana iendelee na kuchomelea, na mimi nirudi kwenye picha. Fundi mkuu alinitazama kwa huruma, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Kufuli alibaki nyuma kidogo. Nilidhani atanisimanga. Alizima skrini yangu kwa kidole, kama mtu anayemfunika mgonjwa shuka, akaondoka. Nimemchukia zaidi kwa hilo.

Mama mdogo alipika, sikula. Aliniuliza kama nimefukuzwa. Nikasema bado.

Jumamosi, 23 Machi

Mvua tangu alfajiri.

Jumapili, 24 Machi

Mvua.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua. Cheche za karakana zinaonekana mpaka ofisini. Kila cheche nahisi ni sikio linachomelewa.

Jumatano, 27 Machi

Maji ya mfereji yamekuwa rangi ya chai ya maziwa na yanapita kwa kelele. Mtaani kwetu mitaro imejaa. Nilimwomba mama mdogo aende akakae kwa mwanawe wa kwanza, dada yangu mkubwa, hadi masika yapite. Akasema hawezi kuishi kwa mkwewe kama mzigo wa soko. Nikasema maji yatakuja. Akaniuliza si ninyi mnaotengeneza milango? Akaanza kushusha picha za ukutani moja moja.

Ijumaa, 29 Machi

Leo nimeongea na Kufuli, au yeye ameongea nami.

Nilishuka karakana wakati wa chakula, nikiamini hakuna mtu, ili nipime lile sikio kwa mkono wangu. Nikamkuta amesimama mbele ya mkono wa kwanza uliokamilika, kofia mkononi, anautazama tu. Sikuweza kurudi, alishaniona. Nikasimama kando yake. Mvua ilikuwa inapiga mabati hata ikabidi tusogeleane ili tusikilizane.

Alianza bila kuniangalia. Kwenye kiwanda alichofanyia kazi zamani, walikuwa wanatengeneza jukwaa la kupandisha mizigo. Yeye alichora miguu yake, ile inayojikunja kama mkasi. Mchoro mkuu ulikuwa kwa mtu mwingine. Siku moja yule mtu akabadilisha urefu wa jukwaa kutoka juu, namba moja tu, na miguu yote ikafuata. Pini ikasogea mpaka pembeni kabisa mwa bamba, na Kufuli hakuambiwa. Michoro ikachapishwa, ikashuka karakana ikiwa na jina lake. Jukwaa liliporomoka kwenye majaribio. Aliyekuwa chini yake ni shemeji yake, kaka wa mke wake, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemtafutia kazi pale.

Nikamuuliza kama alikufa.

"Hakufa. Anatembelea magongo. Kila tukila pamoja huwa namkatia nyama, na mke wangu hutazama pembeni."

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kumwambia mtu huyu. Yote yalinitoka kichwani. Nilikuwa nikimwona mkaidi, mwenye wivu wa faili, na kumbe kila asubuhi alipokuwa akirudisha ile pembe alikuwa anamfungia mlango mtu ambaye mimi simjui.

Kisha nikasema, kwa kubabaika, kwamba pengine si lazima nishike kila kitu. Kwamba yeye anaweza kufunga vyote vilivyomo ndani ya fungu lake, kila bamba, kila tundu, aache pini moja tu izunguke. Na hata hiyo pini aiwekee mipaka yeye mwenyewe, chini isipite hapa, juu isipite pale. Mimi huku juu nibaki na namba mbili, kimo cha mlango wa kulia na kimo cha wa kushoto. Nikiandika namba inayovuka mipaka yake, programu ikatae.

Akauliza kama mtu wa juu anaweza kuifuta hiyo mipaka. Nikamwambia anaweza akiingia kwenye faili lake, kama nilivyoingia mimi. Akaniuliza kama nitaingia tena.

"Sitaingia, kaka. Nitakuja mezani kwako."

Akavaa kofia. Tukapanda juu pamoja.

Ijumaa hiyo hiyo, jioni

Niliacha nusu, nilikuwa nimechoka. Tulikaa kwenye kompyuta moja. Aliweka mipaka yake mwenyewe, polepole, akipima kila pembe na kupima tena. Mimi niliyalegeza mafungu mawili kwenye mchoro mkuu na kuunganisha kila moja na namba yake. Kisha nikamsogezea kipanya. Nilitaka aandike yeye.

Kulia wazi, kushoto umefungwa. Ikapita, safi. Nafasi kati ya sikio na uzito ilikuwa ndogo lakini ipo. Nikahisi uso unanishuka kwa mara ya pili tangu Ijumaa iliyopita. Lakini hakuondoa mkono. Aliuinua wa kushoto kidogo, kidogo tena. Karibu na nusu, nyekundu ikawaka. Sehemu ndogo, kama ukucha.

Alirudisha mlango nyuma, akaupandisha tena. Ikawaka tena pale pale.

Aliinuka akaenda kwa Mzee peke yake. Nilisikia sauti ya Mzee ikipanda, kisha ikashuka. Aliporudi aliniambia kazi imesimamishwa, na kwamba Mzee ametaka kujua nani ameiona hitilafu. Amesema amemjibu kwamba tumeiona sisi.

Jumamosi, 30 Machi

Masikio yote yanakatwa. Yatahamia katikati ya mkia, yasichomoze upande wowote. Lakini mnyororo ukihama, winchi nayo lazima ihame, na fremu ya winchi ni yangu, tena imeshatobolewa. Leo Kufuli ndiye aliyekuja mezani kwangu kuniomba nibadilishe mchoro wangu. Niliona kabisa kwamba nataka kukataa. Matundu yangu yalikuwa mazuri.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua haijakatika. Karakana wanafanya kazi kwa zamu na wana haki ya kutuchukia. Fundi mkuu alisema watu wa kompyuta tukipiga chafya wao hulazwa.

Jumamosi, 6 Aprili

Milango imepandishwa kwenye malori, imefunikwa turubai. Nimeitazama ikiondoka kama anayesindikiza ndugu.

Jumanne, 9 Aprili

Imefungwa mahali pake. Tuliijaribu kwenye manyunyu, yote miwili, kisha mmoja mmoja. Kufuli alipitisha kiganja chake kati ya mkia na mkia ilipopishana. Alikipitisha mara kadhaa.

Ijumaa, 12 Aprili

Mafuriko yamekuja leo.

Saa nne asubuhi walipiga simu kutoka kwenye mfereji, maji yamefika mstari wa njano wa tahadhari. Mzee alituchukua kwenye gari lake, mimi na Kufuli. Tulipofika, mwendesha winchi alikuwa ameshaanza kuifungua milango. Wa kushoto ulipanda, ukafika nusu, ukasimama. Gogo zima la mti, na mizizi yake, lilikuwa limejibanza chini yake, na kila winchi ikivuta, mnyororo ulilia. Haukupanda wala haukushuka.

Nusu. Kushoto nusu. Nilimtazama Kufuli, naye alikuwa amekwisha kunitazama.

Mzee alimwambia mwendesha winchi afungue wa kulia hadi mwisho. Yule mtu akasita, akauliza kama inaruhusiwa kuiacha pande mbili tofauti hivyo. Mzee akatugeukia sisi. Nilifungua mdomo, lakini Kufuli alitangulia.

"Fungua. Tumeiona ikipita."

Mlango wa kulia ulianza kupanda. Mkia wake ulishuka kando ya mkia uliokwama, chuma kikipishana na chuma na mvua ikitiririka katikati. Nilikuwa nimeushika ukuta wa zege kwa mikono yote miwili, hata sikujua. Ulifika mwisho. Maji yakapata njia, yakaangukia mkondo wa pembeni kwa kishindo nilichokisikia kwenye meno. Mzee alivua miwani akaifuta, akaivaa, na ikalowa tena.

Nilikimbia nyumbani. Maji yalikuwa yameingia barazani na kulowesha mkeka, yakaishia hapo. Mama mdogo alikuwa amekaa juu ya meza, miguu inaning'inia, anamenya viazi. Akaniuliza mbona nimechelewa.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimelala mchana kutwa.

Jumatano, 17 Aprili

Maji yameshuka, mstari wa njano umeonekana tena. Gogo limetolewa. Wateja wamempigia Mzee simu ya shukrani, naye akaleta soda ofisini.

Alhamisi, 25 Aprili

Mvua inapungua. Kufuli amenitumia mpaka mpya wa pini na ujumbe wa mstari mmoja, akitaka maoni yangu. Nilijibu. Akabishana. Tumebishana hadi saa ya kutoka, na nimerudi nyumbani nikiwa na furaha nisiyoielewa.

Jumapili, 5 Mei

Jua. Leo sikuweza kukaa ndani. Nilitoka bila shabaha, nikapanda hadi kwenye milango, nikaitazama imefungwa kimya kama haijawahi kufanya lolote. Kisha nikashuka upande wa pili, nikiufuata mkondo wa pembeni. Sijawahi kufika huko. Kwenye mchoro wangu mkuu mkondo huo ni mshale mmoja wa buluu, na baada ya mshale karatasi inakwisha.

Baada ya mshale kuna bustani za mboga. Au niseme zilikuwepo. Kingo zimebomoka, matuta yamelala chini ya mchanga na matawi, na kwenye waya wa uzio kuna nguo zilizonasa, shati la mtu, shuka. Nilitembea nikihesabu vilivyobaki, nikaacha kuhesabu. Mama mmoja, wa umri wa mama mdogo, alikuwa peke yake anafukua mchanga kwenye tuta. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia bila kusimama, akauliza kama natoka huko kwenye milango, maana siku hizi watu wa ofisi huja kupiga picha.

Ningeweza kusema napita tu.

Nilimwambia ndiyo, natoka huko, mimi ni mmoja wa walioichora. Nikamwambia iliokoa mtaa wetu. Nikasikia jinsi neno hilo "wetu" lilivyotoka.

Hapo akasimama. Alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu, wala hakuonekana kukasirika. Alionekana mtu mwenye kazi nyingi. Akaenda kwenye kibanda chake, akarudi na jembe la pili, akanipa.

Nikavua viatu.